Mlango Uliokunywa Maji

Zamda aliurushia mlango mpya kata ya maji ili autoe vumbi, akasubiri maji yateremke. Hayakuteremka. Kizingiti kilibaki kikavu na vumbi lake. Akarusha kata ya pili, nayo ikapotea vilevile, na ndani ya mbao akasikia kitu kikimeza, funda moja la taratibu, kama la mgonjwa.

"Mbao kavu ile, lazima inywe," alisema mumewe, Mrisho, bila kuinua macho kwenye cherehani yake pale barazani.

Mpya nasema, lakini upya wenyewe uko wapi. Zamda alitaka mlango wa bati, kama wa jirani yao Apolinaria. Mrisho hakutaka hata kusikia. Bati lina kelele, bati linaunguza mkono jua likiwaka, bati ni la banda la kuku. Fundi cherehani mzima wa mtaa wa Chemchem apokee wateja kwa mlango wa bati? Yeye alitaka mninga, na mninga mpya enzi zile za Mwingereza ulikuwa unapakiwa kwenye mabehewa kwenda pwani, sisi tukibaki kuyatazama magogo yakipita. Basi akaenda kijijini Kwihara, kwenye tembe lililobomoka la tajiri mmoja wa siku za misafara, akaung'oa mlango, akaufunga kwenye baiskeli na kuikokota hadi mjini. Hakuuliza mtu. Rahisi ghali, wazee walishasema, ila mtu akishapenda kitu masikio yake huziba.

Haukupita muda mlango ukaanza kutoka jasho. Jasho jekundu, zito, linalonata, likichuruzika kutoka kwenye vishimo vidogo ambavyo Mrisho alidhani ni vya wadudu. Lilinuka karafuu maiti pamoja na nyama iliyosahauliwa chunguni. Inzi waliotua pale hawakuruka tena. Walizama taratibu kwenye ute ule huku miguu ikichezacheza, na asubuhi hawakuonekana. Mimi hata kusimulia tu mate yananijaa.

"Mninga hutoa damu," Mrisho aliwatuliza. Kweli, hakuna mtoto wa Tabora asiyejua kwamba mninga ukiukata unatoka utomvu mwekundu. Na hakuna mama mkwe asiyejua kwamba wekundu ule ni dawa ya kuleta maziwa. Hapo ndipo walipopotea wote.

Maziwa ya Zamda yalikuwa yamepungua. Alikwisha kuzika watoto wawili kabla hawajatambaa, na huyu wa kifuani, Tatu, ndiye aliyekuwa roho yake. Mama yake Mrisho, Bi Mwanajuma, alichukua kijiko, akakwangua ute ule mlangoni, akaukoroga kwenye uji.

"Kunywa, mwanangu. Hata mimi nilikunywa, ndiyo nikamlea mumeo."

Zamda alikunywa. Uji ulikuwa na unywele ndani, mrefu, akauvuta kooni kwa vidole huku machozi yakimtoka. Chuchu nazo akapakwa. Maziwa yakaja, tena kwa wingi, ila yalikuwa na wekundu. Tatu alinyonya kwa pupa, kisha akaligomea kabisa titi. Alikonda mpaka fuvu likaonekana umbo, na kilio chake kilikoma tu akilazwa karibu na mlango.

Alasiri moja mvua ilipokuwa ikinyesha, Zamda alimwacha mkekani akaenda kuepua chungu, na aliporudi alimkuta mtoto amejisogeza, yeye ambaye hata kujigeuza hajajua, uso umegandamana na mbao, mashavu yakiingia na kutoka, akinyonya, na Zamda alipomvuta mtoto hakung'oka, ikabidi amvute kwa nguvu, na kutoka kwenye kishimo kile kikafuata kitu laini, cha kijivu, chenye vipele vilivyojaa usaha, kirefu kama kiganja, kikateleza kutoka kinywani mwa mwanawe na kurudi ndani ya mbao, kikijilamba.

Alitapika palepale. Matapishi yakafika mlangoni, nayo yakanywewa.

Wakamwita Ngollo, mganga wa kike kutoka Usoke, akaja na treni.

"Shikamoo, bibi," Mrisho alimpokea.

"Marahaba. Huu mti ulikatwa lini?"

"Zamani sana. Kabla ya Mjerumani."

"Mti uliokatwa kabla ya Mjerumani unatoa damu leo?"

Ngollo alinusa vishimo, akageuka upande na kutema mate.

"Mwaka wa ndui wapagazi walikufa ovyo njia nzima," alisema kwa sauti ya chini. "Vitanda vya kuoshea maiti havikutosha, watu wakang'oa milango, wakawalaza juu yake. Huu ulikunywa usaha wao na maji yao, na jini akaingia humo akawa anakunywa. Sasa ana kiu. Anataka maji ya maiti. Humu ndani hamna maiti, kwa hiyo anajitengenezea."

Wote wakamtazama Tatu.

"Nani aliuchagua mlango?" Ngollo aliuliza.

"Mimi," alisema Mrisho.

"Basi lala wewe juu yake, kama maiti. Tumnyweshe ashibe, alewe, tumchome akiwa amelala. Ila usifumbue mdomo, hata akikufanya nini."

Mrisho alichimba mwenyewe ufuo uani, ule mfereji wa kupokea maji ya kuoshea maiti, wakaulaza mlango juu yake, naye akalala chali, amefunikwa shuka. Zamda alimwosha, maana mke ana ruhusa kumwosha mumewe, na Bi Mwanajuma alimpokeza maji ya karafuu maiti huku akilia kimya kimya. Kata baada ya kata ilimwagwa na ufuo ukabaki mkavu, na chini ya mgongo wake Mrisho alihisi ulimi, kisha ndimi, kila kishimo na wake, zikimlamba uti wa mgongo, makwapa, nyuma ya masikio, zikipasua vipele vyao juu ya ngozi yake, vuguvugu, mpaka mdomo ukamfunguka.

"Umefumbua?" Ngollo aliuliza.

Mrisho alitikisa kichwa kukataa.

Wakauchoma mlango mchana ule ule. Ulinuka nywele zinazoungua.

Bati likapachikwa. Mvua ilipopiga, lilitoa kelele kama alivyosema Mrisho, na maji yakateremka hadi kizingitini. Zamda alisimama akiyatazama yakitiririka, akalia kwa furaha. Tatu alirudi kwenye titi, akanenepa.

Mvua zilipokwisha, Mrisho alimwomba mkewe amsugue mgongo. Zamda akaingia naye uani penye jiwe la kuogea, akiwa amembeba Tatu mgongoni kwa kanga. Akamwaga kata ya kwanza. Jiwe alilokalia Mrisho lilibaki kavu na vumbi lake.

Akamwaga ya pili, akasikia funda moja la taratibu, na harufu ya karafuu maiti ikapanda.

"Ongeza," alisema Mrisho.

Kwenye vinyweleo vya mgongo wake jasho jekundu lilianza kutoka. Tatu alichungulia juu ya bega la mama yake, akaliona, akaanza kuchezesha midomo kama anayetafuta ziwa.