Maoni Tisa ya Kitabu Kisicho na Mwisho

Kila Ijumaa, baada ya uji wa saa nne, wanafunzi wa Gredi ya Sita katika shule moja karibu na Jogoo Road walirudisha vitabu kwenye sanduku la mbao. Nyuma ya kila kitabu Mwalimu Luseno alikuwa amebandika karatasi. Msomaji aliandika hapo maoni yake na jina, kisha akapata nyota ukutani. Kwenye kitabu cha mapishi, mvulana aitwaye Bile aliandika, "Kimeniongezea njaa." Kwenye cha nyuki kulikuwa na, "Nyuki wana bidii kuliko kakangu." Kile cha historia ya reli kiliambulia maneno mawili tu: "Kizito. Nililala."

Shirleen, msichana wa miaka kumi na miwili kutoka mtaa wa Mbotela, alirudisha hadithi ya mzee aliyeibiwa tarumbeta yake. Aliandika: "Kitabu hiki hakina mwisho. Kinakatika ukurasa wa 64, katikati ya sentensi."

Mwalimu alisoma, akakunja uso. Juu ya maoni hayo kulikuwa na mengine tisa, yote ya sifa. Wa kwanza, Carolyne, aliandika, "Mwisho ni mzuri sana." Wa pili, Bile, aliandika, "Mwisho ni mzuri sana na unafurahisha." Waliofuata waliongeza chumvi kidogo kidogo.

"Wenzako tisa wameuona mwisho," Mwalimu alisema. "Wewe umezing'oa kurasa. Hutaazima kitabu kingine mpaka ukiri."

"Sijang'oa hata moja, Mwalimu."

"Basi zimetoroka zenyewe?"

Darasa likaangua kicheko. Shirleen hakucheka wala hakulia. Kwao hakukuwa na kitabu cha kusoma ila Biblia na kadi ya kliniki ya mdogo wake. Sanduku lile likifungwa kwake, basi amefungiwa kweli.

Jioni mama yake, Jecinta, alikuwa akikata sukuma wiki huku bintiye akimsimulia yaliyotokea.

"Omba msamaha yaishe," alisema. "Sisi si watu wa kugombana na walimu. Ukiitwa mkorofi leo, jina hilo litakufuata hadi sekondari."

"Nikikiri, nitakuwa nimedanganya."

"Uongo mdogo tu, wa kuleta amani."

"Mama, nilipolamba sukari nikakana, uliniambia uongo hauna mdogo."

Kisu kiliendelea kukata, na mboga zikawa nene kama za kulisha ng'ombe.

Jumatatu aliandamana na bintiye hadi shuleni, kwa kuwa hakuuamini mdomo wa mtoto huyo. Mlangoni mwa darasa alianza, "Mwalimu, nimemleta huyu mtoto aombe..."

"Siombi, mama," Shirleen alisema. "Mwalimu, niruhusu niulize swali moja. Nikijibiwa sawasawa, nifungie sanduku mwaka mzima."

Mwalimu Luseno aliweka chaki mezani. "Uliza."

"Walioandika mwisho ni mzuri watuambie: tarumbeta ilipatikana wapi?"

Bile alikuna kichwa. "Chini ya kitanda?"

"Wee, mzee alinunuliwa nyingine mpya," Carolyne alisema.

"Si iliibwa na polisi?" akauliza mwingine nyuma. Mara hii hakuna aliyecheka.

Bile ndiye aliyesalimu amri. "Mwalimu, mimi nilinakili ya Carolyne, nikaongeza 'unafurahisha' yasifanane."

"Na mimi niliangalia picha ya jalada tu," Carolyne alisema, macho sakafuni. "Nilitaka nyota."

Mwalimu alikichukua kitabu, akapitisha kidole kwenye mshono. Hakukuwa na alama ya kuraruliwa popote. Uzi ulikuwa umebana vizuri. Kitabu kilitoka kiwandani hivyo hivyo, pungufu. Alikifunga, akasema polepole, "Hata mimi sijawahi kukifungua hadi mwisho. Nilihesabu sifa, nikamhukumu mtoto. Shirleen, nisamehe."

Alibandua nyota zote tisa, akawaagiza wenye nazo wasome upya kila kitabu walichokitolea maoni. Kisha akasukuma sanduku mbele ya Shirleen. "Chagua wa kwanza."

Jecinta, ambaye alikuwa amemleta bintiye aombe msamaha, aligeukia darasa. "Watoto, mimi niliachia darasa la nane, lakini hili sikilizeni. Leo mmetia jina kwa kitabu ambacho hamjasoma, na mwenzenu karibu afungiwe. Kesho mtatia sahihi karatasi ya nyumba au ya hospitali hamjaisoma, kwa sababu aliyetangulia ametia. Mtu akikuuliza umesoma, na hujasoma, sema hujasoma. Hata mama yako akikusihi useme vingine, kama nilivyomsihi huyu wangu, kataa."