Wageni Wasioonekana

Kiputo kilipita katikati ya kundi la nyumbu, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Kilielea nusu mita juu ya majani, kikubwa kama chumba cha kulala, lakini mtu aliyesimama nje angeona nyasi tupu. Ngozi yake, iliyoitwa utando-kivuli, ilipokea mwanga upande mmoja na kuutoa upande wa pili vilevile ulivyoingia. Ilimeza sauti, na hata harufu ya waliokuwa ndani haikupenya.

Injinia Ndeshi alikuwa amekihangaikia kwa miaka tisa. Hii ilikuwa safari ya mwisho ya majaribio. Kompyuta ilirekodi kila kitu, na sharti la wakaguzi lilikuwa moja tu: mnyama yeyote akishtuka, kibali cha kukitumia hakuna, kazi inaanza upya. Ndeshi hakuwa na wasiwasi. Ndiyo maana alimpakia mama yake.

Mama Anaeli alikuwa amepika katika kambi ya watalii ya mbuga hiyohiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Alfajiri aliwafungia wageni chakula, jioni aliwasikiliza wakisimulia walichokiona. Yeye mwenyewe, ukiondoa nyani wezi wa mikate, hakuwahi kuona kitu.

Walifika kwa tembo, kumi na mmoja, wakiongozwa na jike mkubwa mwenye pembe iliyovunjika.

"Haya mama, tembo hao. Umeridhika?"

Mama alisogeza uso karibu na utando. "Wazuri sana. Mbona hata hawageuki?"

"Hawatuoni. Ndiyo kazi niliyoifanya."

"Yaani tumeingia kwa watu bila hodi, tumekaa sebuleni kwao tunawakodolea macho? Mwanangu, mtu wa hivyo si mwizi huyo?"

Ndeshi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mama, nikizima utando wakashtuka, miaka tisa imekwenda na maji."

"Basi usizime. Sijakuomba." Mama alikunja mikono. "Nilitaka tu na wao wanione. Nimewapikia wageni wao maisha yangu yote."

Ndeshi alijaribu kumkumbuka tembo hata mmoja aliyewahi kumtazama katika miaka ile yote. Hakumpata, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Alirudisha kiputo nyuma, mbali kiasi cha kuwa salama, akabonyeza kitufe.

Tembo wote waligeuka kwa pamoja. Ndama walisukumwa nyuma. Jike mkubwa alitanua masikio, akapiga hatua tatu mbele, mkonga juu, akinusa.

"Mshtuko umerekodiwa," kompyuta ilisema kwa upole. "Jaribio limeshindikana."

"Hodi jamani," alisema Mama Anaeli. "Ni mimi, wa jikoni."

Jike alisimama. Aliwatazama kwa muda mrefu, kisha masikio yake yakaanza kupepea taratibu, akang'oa nyasi, akala. Mama Anaeli alilia na kucheka papo hapo.

"Ameniona, Ndeshi. Ameniona!"

"Nimeona, mama."

Ndeshi alijua kwamba Ijumaa angesimama mbele ya wakaguzi mikono mitupu. Hata hivyo moyo wake ulikuwa mweupe. Hakuuwasha tena utando. Waliondoka polepole, na njia nzima twiga na pundamilia waliinua vichwa kuwatazama, Mama Anaeli akiwapungia mkono mmoja baada ya mwingine.