Rafiki Yangu Alimleta Boga Ndani ya Foronya

Wapendwa, nilikuta mkia wa rangi ya chungwa unaning'inia mdomoni mwa nyoka wangu.

Mkia tu. Boga mwenyewe alishaingia ndani.

Uani kwangu hapa Bakersfield watu wamejaa, nyama iko motoni, muziki unalia. Mimi nimeingia kuchukua barafu... nikaganda mbele ya tangi la kioo.

Boga naye ni nyoka, ila hakuwa wangu. Alikuwa wa Wendell, aliyekuwa mume wa shosti wangu Marvella. Kamlea miaka kumi na moja, walipoachana kamwacha kwa Marvella, na jioni ileile alikuwa anakuja kumchukua.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi kufuga nyoka nimeanza juzi. Nina mmoja, Biskuti, mwenye pete nyeusi na nyeupe, aina tunayoiita kingi. Kumlisha panya wa kugandishwa najua, taa ya joto najua. Basi, elimu yangu imeishia hapo.

Jana yake Marvella kaja na foronya, kaifunga fundo juu. Ndani yake Boga.

"Shosti, kiyoyozi changu kimekufa. Kwa joto hili huyu ataiva. Nisitirie mpaka kesho, Wendell atampitia hapa."

"Tangi la pili sina, Marvella."

"La nini? Waweke pamoja. Huyo wako mpweke, humwoni alivyonuna?"

"Hawatapigana?"

"Nimeishi na nyoka kwenye ndoa nzima, mwanangu. Niamini."

Nikamwamini. Nikafungua kifuniko kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa, baada ya kuuona mkia ule, nimemwita Marvella kutoka uani. Kaangalia tangi, kaziba mdomo, kanikumbatia.

"Mwambie Wendell katoroka," akaninong'oneza.

"Nimdanganye?"

"Unataka akuchukie maisha?"

Wendell kafika na tangi dogo mkononi, kaliwekea na taulo. Taulo, jamani... kama anapokea mtoto.

"Shem, yuko wapi mzee wangu?"

"Ka... katoroka."

Wendell alikuwa anamtazama Biskuti, aliyelala katikati ya tangi na tumbo limemvimba kama soksi iliyojazwa mchanga.

Akakaa chini sakafuni.

"Nani alikwambia uwaweke pamoja?"

"Marvella."

Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha.

"Shem, wewe mtoto wa mjini. Kwao Marvella kule jangwani kingi hauawi. Wanamwacha azunguke nyumba kusudi awale nyoka wa sumu. Yule kakua anawaona wakimeza wenzao. Hata mimi, yeye ndiye aliyenifundisha... kingi anakaa peke yake."

Nikatoka kwenda uani. Marvella alikuwa anajipakulia saladi ya viazi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Marvella."

Akaweka kijiko chini. Watu wakapunguza muziki, si mnajua watu walivyo.

"Alimpenda yule nyoka kuliko mimi," akasema. "Aondoke na kila kitu? Hapana."

"Na mimi je?"

"Wewe ungesamehewa. Kila mtu anajua ndo kwanza unajifunza."

Hapo ndipo aliponimaliza. Si hasira zake kwa Wendell, hizo ningezielewa. Ni vile alivyokaa akapima kutojua kwangu, akaona kunamtosha.

Nikampa mkoba wake. Saladi nikabaki nayo.

Wendell nilimwambia ukweli wote, na mimi sehemu yangu nikaibeba. Hajanisamehe bado. Ana haki.

Wapendwa, kama unaanza kufuga, kingi akae peke yake. Na ukipewa ushauri mwepesi, uliza kwa mtu wa pili asiyehusika, hata kama wa kwanza mmekula naye sahani moja.

Na msije kwenye maoni kuniambia eti nyoka halisi ni Marvella. Acheni kabisa. Biskuti alikuwa na njaa, na hakumwambia mtu yeyote amwamini.