Nyumbani kwa Nabwile ni "Near"

Kila asubuhi Nabwile alifunga mlango mwenyewe. Senge Wilkista, dada ya babake, alikuwa ameshaondoka alfajiri kwenda kuuza vitunguu sokoni Kitale. Nabwile alipita katikati ya mashamba ya mahindi, akavuka daraja la mbao, akapanda kilima na kushuka hadi kwenye kisiagi cha mahindi, kile watu walichokiita posho mill, ambapo wenzake walikutana wakienda shule. Aliwapita kimya kimya.

Alikuwa amehamia hapo muhula huo kutoka Misikhu. Siku ya kwanza darasani alisema "balabala" badala ya "barabara", maana r na l zilimchanganya wakati mwingine, na Gredi ya Sita nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo alifunga mdomo, na wakati wa mapumziko alijibanza nyuma ya tangi la maji. Na niwaambie, hakuna mahali penye upweke kama uwanja uliojaa watoto wanaocheza bila wewe.

Kisha Mwalimu Gachanja akafundisha maneno ya Kiingereza ya mahali na umbali. Nabwile aliyajibu yote, akapigiwa makofi. Basi akayang'ang'ania. Kalamu yake ilikuwa "next to" kitabu, na kanisa lilikuwa "opposite" na soko. Kwa Kiingereza hakuna aliyemcheka.

Ijumaa moja, Ciru, aliyeketi naye dawati moja, alimuuliza, "Kwani kwenu ni wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Nabwile hivyo. Je, Ciru akisikia ni mbali, si atakataa kuja?

"Ni near tu. Just behind posho mill."

"Aa, si ni hapo tu! Basi kesho nitakuja nikusuke. Nitakuja na kakangu Kim, bado ni mdogo."

Jumamosi Nabwile alifagia ua mara mbili, akachemsha mahindi mabichi na kupanga vikombe mezani. Akangoja. Mchana ukapita, mvua kubwa ikanyesha, mahindi yakapoa sufuriani. "Hata yeye hanitaki," alijiambia, na machozi yakamtoka.

Jioni Senge Wilkista aliingia amelowa chapachapa.

"Nabwile, nimekuta msichana kwa posho mill akilia, amebeba mtoto mgongoni. Ati anatafuta nyumba yetu, ati iko hapo nyuma. Na hapo nyuma si ni kichaka tu? Amezunguka mpaka mvua ikamshika. Nimewarudisha kwao. Nani alimwambia hivyo?"

Nabwile aliinamisha kichwa. "Ni mimi, Senge. Ningesema ukweli, hangekuja."

Senge hakumgombeza. Alivua viatu vyake vya matope, akaketi kando yake. "Na sasa umesema uongo, amekuja?"

Kesho yake, walipotoka kanisani, wawili hao walienda kwa kina Ciru. Kim alikuwa amefunikwa blanketi, akikohoa. Ciru hakumtazama Nabwile usoni.

"Nilikutafuta sana," alisema. "Nikajua umenichezea."

"Nisamehe, Ciru. Nilitaka sana uje. Sina rafiki mwingine."

Senge Wilkista aliwavuta wote wawili karibu naye. "Watoto wangu, Kiingereza si kibaya. Mnaenda shule kukijua. Lakini neno, liwe la Kiingereza ama la kwetu, haliwezi kusongeza nyumba hata hatua moja. Mwambie mwenzako ukweli. Anayekutaka akijua ni mbali, ataamka mapema."

Kim alikohoa tena, na Ciru akamfunika vizuri. Kisha akauliza polepole, "Sasa kwenu ni wapi kabisa?"

Safari hii Nabwile aliacha Kiingereza.

"Ni mbari," alisema. "Unapita posho mill, unapanda kirima, unashuka, unavuka daraja. Ni mbari sana."

Hakuna aliyecheka.

"Basi Jumamosi," Ciru akasema, "nitaamka mapema."