Misandragoni ya Pembe Nne

Majani ndiyo yaliyoanza. Vernita Hippolyte alifungua kitalu asubuhi akakuta vipandikizi vyote vya msandragoni, mti wetu mdogo wa majani mekundu, vimelipa jua kisogo. Mmea hufuata mwanga, na ndivyo alivyokuwa akifundisha kila Jumamosi pale bustani ya mimea ya Morne Zabriko. Lakini yale majani mekundu yalikuwa yamegeukia ukutani, upande alikotundika mkoba wake. Akavigeuza vyungu. Alipokwenda kunywa chai ya kakao na kurudi, yalikuwa yameugeukia mkoba tena.

Angeshtuka hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Vernita alikuwa mbishi, na ubishi wake ulikuwa wa kisomo, ndio mbaya zaidi.

Vile vipandikizi alivikata nyuma ya nyumba ya kuoteshea kangaga. Pale palikuwa na misandragoni minne mikongwe, kila mmoja kwenye pembe yake, na katikati yao ardhi tupu ukubwa wa chumba kimoja, haioti hata nyasi. Sote tulipajua, na sote tulipazunguka kwa mbali. Kisiwani kwetu nani asiyejua kwamba msandragoni hupandwa pembe nne za kiwanja ili ubaya usipite? Vernita naye alijua, tena aliwatania wanafunzi wake, "Mkifika nyumbani, pandeni mmoja kila pembe. Hata mama mkwe atabaki barabarani." Wakacheka, wakaondoka na vipandikizi vyao. Naye akaing'oa ile minne mizizi na yote, apate tuta la kufundishia kupanda mboga. Vipandikizi vinne alivipeleka kwake.

Tangu siku hiyo nyumba yake ikawa inanuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Mama yake, Ma Selestin, aliyekuwa akimlelea mtoto, alipiga deki kwa sabuni na ndimu mpaka vidole vikachubuka. Harufu haikutoka, na ilikuwa kali zaidi karibu na kitanda cha Orisia, binti wa Vernita, aliyekuwa hata kukaa bado hajaweza.

Kisha mchana mmoja Vernita akasikia mkasi wa kupogolea chumbani kwa mtoto. Kacha. Kacha. Akapapasa kiunoni, mkasi wake ulikuwa palepale.

"Mama, uko na mtoto?"

"Niko nyuma yako, namenya ndizi," Ma Selestin akanong'ona. "Nilidhani ni wewe uliyeko huko."

Wakaingia wameshikana mikono. Orisia alikuwa chali, anatazama juu ya mlango na kutabasamu, lile tabasamu la kumwona mtu aliyemzoea, na ngumi yake ilikuwa imefumbata jani jekundu.

Kisomo chote kikamtoka Vernita. Akafanya ambalo yeyote kwetu angelifanya: alasiri ileile akavipanda vile vipandikizi vinne kwenye pembe nne za kiwanja. Usiku wakalala. Asubuhi Ma Selestin hata aliimba jikoni.

Walipotaka kumpeleka mtoto zahanati ndipo walipojua. Vernita alifika langoni amembeba Orisia begani, akavuka mguu mmoja, na mtoto akakauka mikononi mwake, midomo ikabadilika rangi, pumzi ikakatika, macho yakabaki wazi yakitazama nyuma nyumbani, na kadiri mama alivyokazana kuvuka ndivyo kile kimwili kilivyozidi kuwa baridi, mpaka akarudi ndani mbio akiita jina lake, na hapo, palepale ndani ya kiwanja, Orisia akavuta pumzi na kulia. Wakajaribu mlango wa nyuma. Wakajaribu kumpitisha juu ya ua. Kote ni vilevile. Vernita akaketi barazani, akamkumbatia mwanawe, na akaogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa maishani.

Wakamwita Eudoxie. Kwetu mganga huitwa gade, na Eudoxie ndiye gade wetu, muuza viungo sokoni, mwenye mdomo kama pilipili zake. Alifika akasimama barabarani, akakataa katakata kuingia.

"Nani kapanda hivi?"

"Mimi," Vernita akasema. "Kulizuia lisiingie."

"Lilikuwa limeshaingia, mwanangu. Lilikuja na wewe kutoka bustani. Ile minne ya zamani ilikuwa imelifungia jini lile pale, wewe ukaling'olea lango. Kisha ukaja ukalifungia humu, pamoja na mtoto wako."

Ma Selestin akaanza kulia taratibu, kitambaa mdomoni.

"Nifanye nini, Ma Eudoxie?"

"Ng'oa minne yote. Mtoto muache kwa mama yako. Wewe nenda ukasimame pale katikati, nyuma ya kangaga. Litakufuata, wewe ndiye unayenuka lango lake. Nikishaona limefika, nitaipanda upya kukuzunguka."

"Halafu nitatoka?"

"Mtoto atatoka."

"Nimeuliza mimi."

"Na mimi nimekujibu."

Vernita alimnyonyesha Orisia mpaka akashiba, akambusu nyayo, akampa mama yake. Akaing'oa misandragoni mmoja mmoja, na njia nzima ya kwenda bustani watu waliompisha walisikia nyayo za wawili, zake na nyingine nzito nyuma yake, na harufu ya udongo ikabaki barabarani mpaka mvua iliponyesha.

Eudoxie alipopanda wa nne, Orisia alivuka lango la kwao anacheka. Vernita alijaribu kutoka mara moja tu. Pumzi ilimkatika, akarudi.

Bustani wakamjengea kibanda mlemle. Jumamosi wanafunzi hupanga viti nje ya majani, naye huwafundisha kukata chini ya kifundo, ila hii minne haruhusu hata iguswe. Ma Selestin humleta mtoto kila asubuhi. Hukaa mbali kidogo, kwa sababu Vernita mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo.

Sasa Orisia ameanza kutembea. Juzi aliponyoka mkononi mwa bibi yake akaenda kwa miguu yake minene kuelekea majani mekundu.

"Mshike, Mama," Vernita akasema.

Ma Selestin akamdaka. Na akiwa amemkumbatia, akasikia sauti ya Vernita ikiita kwa upole, "Orisia, njoo kwa mama." Akainua macho. Vernita alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, na sauti ikaita tena.