Helmeti Iliyopasuka

Kila asubuhi, Mdadisi na mama yake walitoka nyumbani kwa baiskeli mbili. Mama alikuwa tarishi, msambazaji wa barua na vifurushi. Hakukanyaga pedali kabla ya kufunga mkanda wa helmeti kidevuni. Binti yake, mwenye miaka kumi na mmoja, alining'iniza yake kwenye usukani.

"Vaa, mwanangu."

"Mama, inanitoa jasho! Tena nyepesi kama boksi tupu. Itazuia nini?"

Siku hiyo, walipokata kona ya duka la mikate, mbwa alichomoka uchochoroni. Mama akashika breki, gurudumu likateleza, na kichwa chake kikagonga ukingo wa barabara. Ko!

Mdadisi aliiacha baiskeli yake ianguke. "Mama! Mama!"

Mama akainuka taratibu. "Nipo, mwanangu. Kiwiko tu kimechubuka."

Hospitalini, daktari alimpima, akasema yuko salama, ila apumzike siku mbili.

Mchana, Mdadisi aliikagua helmeti ya mama na kuona ufa mwembamba. Akaipeleka kwa fundi baiskeli.

"Shikamoo, babu. Naomba gundi niuzibe ufa huu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii imeshamaliza kazi."

"Kwa nini? Ufa wenyewe mdogo!"

Fundi akabandua ganda la nje. Ndani mlikuwa na povu gumu jeupe, kama lile linalofungiwa televisheni mpya. Upande mmoja lilikuwa limebonyea mno. Mdadisi akapitisha kidole penye kishimo kile.

"Kwa hiyo… hapa kingebonyea kichwa cha mama?"

"Umeona? Povu limekipokea kishindo. Likishabonyea halirudi, ndiyo maana gundi haisaidii. Anahitaji nyingine."

"Na mkanda usipofungwa?"

"Helmeti inaruka kwake, kichwa kwake."

"Na ikining'inia kwenye usukani?"

Fundi akaangua kicheko. "Hapo inaulinda usukani!"

Mdadisi alicheka kidogo, kisha akainamisha uso. Akachukua helmeti yake kwenye usukani wa baiskeli aliyokuja nayo, akaivaa. Fundi akamkazia mkanda mpaka vidole viwili tu vikapenya chini ya kidevu.

Alipofika nyumbani, alimsimulia mama kila kitu bila kupumua. Mama akamvuta karibu.

"Mimi huendesha kwa makini, na bado nimeanguka," alisema. "Baiskeli ikivunjika, fundi ana spea. Kichwa hakina."