Ukurasa wa Mwisho wa Rahima

Swabra alitoka kwao Magogoni jua likianza kulala, kitabu kimoja mkobani na hasira tele kifuani.

Hasira zenyewe alizipata asubuhi, shuleni alikokwenda kuwasomea wanafunzi kitabu chake kipya. Mwalimu Margret, mwanamke wa bara asiyejua kunyamaza, alimuuliza mbele ya watoto: huyu mke anayezungumza na ukuta kitabu kizima, mbona mwisho anaolewa tena na kuchekacheka kama si yeye? Watoto wakaangua kicheko. Swabra akajibu kwamba mwisho ni mwisho, akafunga mkoba, na tangu hapo alikuwa akipumua kama paka aliyekanyagwa mkia.

Mwalimu wa watu hakujua amegusa wapi. Maana mwisho ule ndio kitu pekee Swabra alichokiandika mwenyewe.

Kilichobaki chote kilikuwa cha Rahima.

Rahima alikuwa shoga yake tangu chuoni walikosomea Kurani, mkeka mmoja, juzuu moja. Na tumpe haki yake Swabra, zamani alizipenda kazi za watu kwa dhati. Kila Jumamosi alikamata kitabu cha mwandishi mwengine, akajirekodi kwa simu akikisifu, akalia pale pa kulia, na watu wakatoka kwenda kukitafuta. Ndiyo sababu Rahima, maradhi yalipomlaza, akampa yeye daftari lake la jalada la buluu.

"Lisome kama unavyosoma ya wenzio," alimwambia.

Akalisoma. Akalipenda hata wivu ukamshika. Jani la mwisho lilikuwa limechanwa, na Rahima akafa kabla ya kuulizwa liko wapi. Haikutimia miaka miwili, kitabu kikatoka, *Ukuta wa Bi Tima*, na juu yake jina la Swabra kwa herufi kubwa. Redioni walipomuuliza kimetoka wapi, akasema kilimjia tu, kama ndoto.

Bi Nadira, mamake Rahima, aliyekuwa amepooza tangu siku ya maziko, aliyasikia hayo akiwa kitandani, nyumba ya tatu kutoka kwa kina Swabra. Wanasema aliizima redio kwa mkono ambao haukuwa umeinuka tangu amzike mwanawe.

Basi alasiri ya siku ile ya vicheko vya shuleni, simu ya Swabra ikalia. Mwanamke, sauti kavu kama majani ya mnazi. Alitaka kitabu kimoja, nacho kiletwe Mkomani kwa mkono wa mwenyewe, kabla taa hazijawashwa. Swabra akahesabu kwamba huyo ni bibi wa kitajiri, akikipenda atawaambia mashoga zake. Akapanda tuktuk.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kwenye kichochoro, geti wazi. Ndege walikuwa wamenyamaza. Hata mbwa, ambao Mkomani hawakosekani, hakubweka mmoja.

"Hodi."

Akasogea mpaka kizingitini.

"Hodi humu ndani."

"Starehe," ikaitika ile sauti.

Ndani palinukia udi, na chini ya udi palikuwa na harufu nyengine, ya udongo mbichi. Mwanamke alikuwa ameketi mkekani, nikabu usoni. Mikono tu ndiyo iliyoonekana, hina imekoza kama ya biharusi wa jana. Mbele yake sahani nyeupe, chupa ya marashi ya mawaridi, kikombe cha zafarani na kalamu ya mwanzi.

"Shikamoo," akasema Swabra.

Hakuitikiwa.

Hapo hasira zikampanda upya. Shikamoo haitupwi hivi hivi. Akaketi kwa kishindo, akatoa kitabu na kalamu yake, akauliza aandike kwa jina la nani.

"Lako," akanong'ona mwanamke, akamsogezea ile ya mwanzi. "Nataka la mwenye kazi. Kwa zafarani."

Swabra akaona ni madaha ya wazee. Akachovya, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza: Swabra.

"Na la mamako."

Mkono ukasita.

Magogoni kila mtoto anajua. Jina lako na la mamako hayaandikwi pamoja ovyo. Huyataka mganga anapokushughulikia, na huitwa nayo unaposomewa talkini, udongo ukiwa umeshakufunika. Mtu mwenye akili zake angeinuka pale pale, viatu mkononi.

Yule mwanamke akacheka puani, taratibu.

"Au kitabu si chako?"

Asubuhi aliulizwa kwa vicheko, sasa anaulizwa na huyu asiyeitikia hata shikamoo. Swabra akakandamiza kalamu karibu itoboe karatasi.

Swabra binti Wardah.

"Haya," akasema. "Umeridhika?"

Mwanamke akauchana ukurasa ule, polepole... krrr... akaulaza kwenye sahani nyeupe. Akaumiminia marashi. Herufi za mtambo zilibaki mahali pake. Maneno ya zafarani yakaanza kujitoa, yakaelea, yakayeyuka. Maji yakawa manjano. Ndivyo wanavyoandikiwa wagonjwa kombe, maneno yakaoshwa, wakanywa wapate kupona.

Akaipitisha sahani chini ya nikabu.

Akanywa.

Swabra alisikia kila funda. La kwanza, koo lake yeye likakauka. La pili, akasahau alikuja kwa njia gani. La tatu...

La tatu hakulielewa mpaka alipofika nyumbani.

Mwanamke akaweka sahani chini, akavuta karatasi kutoka chini ya mkeka. Jani la daftari, upande mmoja limechanika. Mwandiko Swabra aliujua, ile herufi R yenye mkia mrefu.

"Mwisho si ule uliouandika," akanong'ona. "Soma huu."

Akasoma. Mstari wa kwanza ulisema kwamba mwizi aliketi mkekani bila kuitikiwa salamu. Wa pili, kwamba aliandika jina lake na la mamake kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu ya hasira. Wa mwisho ulisema: akarudi kwao, na hakuna aliyemwita.

Alipoinua uso, mkeka ulikuwa mtupu. Udi bado unafuka.

Akakimbia.

Adhana ya magharibi ilimkuta mlangoni kwao. Bi Wardah, mamake, alikuwa kizingitini akitia udhu. Akainua uso, akafungua mdomo kumwita mwanawe. Mdomo ukabaki wazi. Akatafuta. Macho yakamzunguka kama ya mtu aliyeweka kitu mahali hajui wapi. Halafu uso ukamfunguka, akatabasamu.

"Rahima," akasema. "Mbona umechelewa?"

Swabra alitaka kusema, mama, ni mimi. Ulimi ukakataa. Kilichotoka kilikuwa neno moja, kwa sauti laini ambayo haikuwa yake.

"Abee."

Asubuhi alirudi Mkomani. Mlinzi wa nyumba ya jirani, Nicanor, akamwapia kwamba geti lile halijafunguliwa tangu aajiriwe, na kufuli lilikuwa na kutu. Na waliokwenda kumtazama Bi Nadira siku hiyo walimkuta kitandani vilevile, hajasogea hata shubiri. Ila alikuwa na usingizi mzuri, wallahi, wa kwanza tangu amzike mwanawe. Na midomo yake, kwenye pembe, ilikuwa manjano. Walipomfuta kwa leso, leso ikanukia mawaridi. Kila mtu akamtazama mwenziwe, wakazungumza habari ya mvua.

Kitabu sasa kinapendwa kupita kiasi. Jumamosi iliyopita watu walijaa ukumbini, na Mwalimu Margret naye akapanga foleni, nakala yake ileile ya siku ya shuleni mkononi.

"Unisamehe kwa siku ile," akamwambia. "Nimekisoma tena. Huo mwisho wa mkeka na zafarani, mama, umenitia baridi. Ulianzaje kuuwaza?"

Swabra aliinama kutia sahihi, akishika kalamu kwa nguvu zote, mkono mmoja juu ya mwengine, mishipa imemtoka shingoni. Kalamu ikaenda inakotaka, kwa R ya mkia mrefu.

Rahima binti Nadira.

"Ahsante, Rahima," akasema mwalimu.

Na midomo ya Swabra ikatabasamu vizuri, kwa adabu, huku macho yake yakiwaka hasira kama ya mtu anayegonga mlango kutoka ndani.

"Abee," ikasema midomo. "Karibu tena."